Dawa Niliyoinywa Nikiwa Mzima

Wanawake trans wa Butembo, Beni na Kasindi, mashariki mwa Kongo, huniuliza swali moja, mara nyingi wakiwa wamekaa kwenye kiti changu cha kusukia na wateja wengine wamekwisha kuondoka: je, ni kweli mtu asiye na ugonjwa anaweza kunywa dawa kila siku ili Sida, yaani UKIMWI, isimshike? Ni kweli. Nimeinywa, nimepimwa tena na tena, na sina virusi. Lakini jibu hilo peke yake halimfikishi mtu popote. Kati ya kusikia habari za dawa hiyo na kuiweka mdomoni nilipita njia ndefu, na baadhi ya wenzangu walikwama humo humo katikati. Ndiyo maana nimeona nisimulie yote, nikiacha majina ya watu tu.

Nimezaliwa Luofu, kusini mwa wilaya ya Lubero, upande wa Kayna na Kanyabayonga, kwenye vilima vya baridi ambako watu hulima maharage, viazi na mahindi. Sisi Wanande huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Walionipokea waliona mvulana wa tatu, na jina la Kasereka likaandikwa kwenye kila karatasi yangu, ya ubatizo, ya shule, na baadaye ya kliniki. Mimi nilijijua kuwa msichana tangu nilipopata akili. Nadhani Mama aliliona hilo mapema kuliko mimi. Hakulisema, ila aliniacha nikae naye jikoni wakati kaka zangu walipotumwa kuchunga mbuzi, na wageni walipouliza alijibu kwamba ana kazi nyingi na huyu ndiye anayemsaidia.

Aprili 2009 waasi wa FDLR waliivamia Luofu usiku. Nyumba zaidi ya 200 ziliteketea, na kuna watoto walioungua ndani. Nilikuwa bado shule ya msingi. Tulikimbilia msituni, na hata tuliporudi kujenga upya, kwa muda mrefu kila jioni tuliamua pa kulala kana kwamba nyumba si yetu. Ninalitaja hili kwa sababu dawa ya kinga hudai kitu ambacho watu wa kwetu tuliporwa tukiwa wadogo: inakutaka uamini kwamba mwakani utakuwepo, kiasi kwamba inafaa leo ujisumbue kuulinda mwili huo wa mwakani. Mtu aliyezoea kuhesabu maisha usiku mmoja mmoja, ukimwambia habari za miezi mitatu ijayo, anakusikiliza kwa adabu tu.

Nilipomaliza miaka michache ya sekondari nilishuka Butembo kujifunza kusuka nywele. Mama mwenye saluni alinipokea bila maswali kwa kuwa mikono yangu ilikuwa myepesi, na wateja wakazoea kuniita dada. Huko ndiko Ebola iliponikuta. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaanzia Mangina, ikafika Beni, kisha Butembo na Katwa zikawa ndiyo kitovu chake. Mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287.

Asiyekuwepo Butembo mwaka ule hawezi kuelewa jinsi mji mzima unavyoweza kuikataa dawa. Tulikuwa tumeona watu wa Beni wakichinjwa miaka na miaka, na magari ya kuwasaidia hayakuja. Ghafla, kwa ugonjwa mmoja, magari yakajaa barabarani, yanang'aa, na ndani yake wageni wanaolipwa vizuri. Kisha Desemba 2018 tukaambiwa Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na nchi nzima kwa sababu ya Ebola na usalama. Tulipopiga Machi, rais alikuwa amekwisha kuapishwa. Watu wakasema ugonjwa huu ni biashara, na chanjo ni sumu ya kutumaliza. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Aprili 19 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben.

Mteja wetu mmoja alifariki kwa Ebola, na saluni nzima tukaandikwa kuwa watu waliomgusa. Timu ya chanjo ilipokuja mara ya kwanza, na gari lake na karatasi zake za Kifaransa, tulifunga mlango. Iliporudi iliongozana na mjane mmoja muuza mkaa wa mtaa wetu, aliyeugua Ebola akapona. Akakaa kwenye benchi, akaomba maji, akatueleza kwa Kinande alivyotapika, alivyolala karibu na maiti, alivyoamka. Kisha akasema: "Mimi ningaliipata hii sindano mapema, mume wangu angalikuwa hapa." Tulichanjwa wote siku hiyo. Chanjo ilikuwa ile ile iliyokataliwa wiki iliyotangulia. Tangu pale nilijua kwamba mtu anapokataa dawa, mara nyingi anamkataa anayeileta, na kwa sababu alizonazo.

Miezi ile ile nilikuwa na rafiki, naye trans, aliyekuwa akipika chakula karibu na kituo cha mabasi. Yeye alikuwa na virusi tayari na alilijua hilo. Dawa za kumtibu zilikuwepo Butembo, tena bure. Tatizo lilikuwa njia ya kuzifikia. Siku ya kuchukua dawa watu hukaa kwenye benchi moja upande mmoja wa uwanja, kila apitaye akijua benchi hilo ni la nini. Halafu mtu wa mapokezi akaita jina la kiume, akainuka mtu aliyevaa kikwembe na kilemba, na watu wakacheka. Akaita tena, kwa sauti zaidi, ili wasikie na walio mbali. Rafiki yangu alirudi nyumbani bila dawa na hakwenda tena. Sheria ya nchi yetu ya Julai 2008 inakataza ubaguzi dhidi ya wenye virusi, lakini haikuwa imekaa kwenye benchi lile. Alikufa akiwa amekonda kama ufagio, na mazishini padri alizungumzia homa.

Baada yake niliogopa. Sikuogopa ugonjwa tu, niliogopa benchi.

Mwaka 2021 nilivuka Kasindi kwenda Uganda, kwa njia ile ile ya wafanyabiashara wetu wa vitenge na sabuni. Upande wa Mpondwe na Kasese watu ni Wakonzo, lugha yao ni kama yetu, kwa hiyo safari ya kwenda Kampala huanza taratibu, kama mtu anayeaga kwa awamu. Nilipata kazi kwenye saluni ya Wakongomani wenzangu. Huko ndiko niliposikia kwa mara ya kwanza juu ya PrEP, yaani hiyo dawa ya kinga, kutoka kwa mwanamke trans wa Kiganda ambaye kazi yake ilikuwa kuelimisha wenzake.

Sikukubali siku hiyo, wala mwezi huo. Nataka kukaa kidogo kwenye sababu zangu, kwani ndizo ninazozisikia leo kwa wasichana wa Butembo, na mhudumu wa afya anayeziita ujinga hatampata hata mmoja.

Sababu ya kwanza: dawa ni za wagonjwa. Kwetu mtu akionekana anakunywa vidonge kila siku, majirani hawaulizi ni vya nini, wanajua. Tena vidonge hivi vina dawa mbili, tenofovir na emtricitabine, za jamii ile ile wanayopewa wenye virusi, na kopo lake linafanana na kopo lao. Niliona kwamba nikilichukua kopo hilo nitaitwa mgonjwa nikiwa mzima, na hakuna cheti kitakachonitetea.

Ya pili ilikuwa homoni. Wakati huo nilikuwa nikinunua dukani vidonge vya uzazi wa mpango na kuvimeza ili mwili wangu ulainike. Hakuna daktari aliyeniandikia. Tuliambiana wenyewe kwa wenyewe. Vidonge hivyo ndivyo vilivyokuwa uso wangu na kifua changu, kitu pekee nilichokuwa nimejipatia maishani. Nikasikia kwamba PrEP huziua homoni. Hapo sikutaka hata kusikiliza zaidi. Ningaliambiwa nichague kati ya kulindwa na kuwa mimi, ningalichagua kuwa mimi, na wengi wetu ndivyo tungechagua.

Yule dada wa Kiganda hakubishana nami. Alinipeleka kwenye kliniki ya MARPI, iliyopo Mulago kwa ajili ya watu ambao hospitali nyingine huwatazama vibaya, na pale muuguzi akanieleza kwa subira yanayojulikana. Mwaka 2010 ulitolewa utafiti mkubwa uitwao iPrEx, uliofanywa katika nchi sita, na watu 2,499 walishiriki. Baadaye, mwaka 2015, watafiti walirudi kuwatazama wanawake trans peke yao, waliokuwa 339 kati ya hao. Kwa mtazamo wa kwanza matokeo yanavunja moyo: waliopewa dawa ya kweli waliambukizwa 11, waliopewa kidonge kitupu 10. Ni kana kwamba dawa haikufanya kitu. Lakini walipopimwa damu, wale 11 hawakukutwa na dawa mwilini wakati maambukizi yalipogunduliwa. Walikuwa wamepewa, hawakuwa wakiinywa. Baadhi ya waliotumia homoni ndio waliokuwa na dawa kidogo zaidi mwilini, na muuguzi akaniambia wazi kwamba anaamini walikuwa na hofu kama yangu. Kuhusu homoni zenyewe, watafiti wa Thailand waliwapima wanawake trans wanaotumia vyote viwili: PrEP haikushusha homoni zao. Homoni ndizo zilizopunguza kidogo kiwango cha PrEP kwenye damu, na kwa sababu hiyo mtu kama mimi anahimizwa anywe kila siku bila kuruka. Ule utaratibu wa kunywa siku za tendo tu, ambao Shirika la Afya Duniani limewaruhusu wanaume, haumfai anayetumia homoni za kike.

Nimezisimulia takwimu hizo kwa urefu kwa kuwa ndizo zilizonigeuza. Nilikuwa nimezoea kuambiwa "kunywa, ni nzuri." Hakuna aliyewahi kunikalisha akanieleza hata sehemu isiyopendeza ya habari. Aliponieleza hiyo, nikamwamini katika nyingine.

Akanipima virusi, akanipima na figo, akaniuliza ninaitwa nani. Nikamwambia jina langu. Akaliandika kwa penseli juu ya lile la pasi, na siku zote waliniita kwa hilo la penseli.

Wiki za kwanza nilikuwa na kichefuchefu na kichwa kizito. Nikahamishia kidonge usiku baada ya kula, ikapita. Kila baada ya miezi mitatu nilirudi kupimwa. Kadiri nilivyorudi nikiwa salama, ndivyo kidonge kilivyoacha kuwa alama ya ugonjwa kikawa kama kufunga mlango kabla ya kulala. Si kila mtu hufika hapo. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, waliofanya kazi Mtwapa, pwani ya Kenya, waliona wanawake trans na wanaume wengi wakikubali PrEP walipoulizwa, lakini vipimo vya damu vikaonyesha wachache tu wenye dawa ya kutosha kuwakinga. Sishangai. Kusema ndiyo mbele ya mtu mwenye kalamu ni rahisi. Kazi ni ile ndiyo ya kila usiku, chumbani, ukiwa na mwenzako ambaye hujui atasemaje, au ukiwa na njaa, maana kidonge kwenye tumbo tupu kinakera.

Mei 2023 Rais Museveni alitia saini sheria ya kupinga ushoga. Sheria ile haikuifunga kliniki, lakini watu waliacha kwenda. Waandishi walioitembelea MARPI mwanzoni mwa Juni waliikuta karibu tupu. Mwenye nyumba wangu aliniambia nihame kabla ya mwisho wa mwezi, na hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kifungu kilichomhusu mwenye kukodisha chumba. Yule muuguzi aliniongezea vidonge vya miezi kadhaa na kuniambia nivitoe kwenye makopo ili visilie mfukoni mpakani. Nikarudi kwa njia niliyokuja nayo, Mpondwe, Kasindi, Beni, Butembo, na safari hii nikaendelea mpaka Luofu kwa Mama.

Nilikuwa nimevificha vidonge ndani ya mfuko wa shanga za kusukia. Mama alivipata kabla mwezi haujaisha. Alikuwa akitafuta uzi. Alikaa navyo mpaka niliporudi kutoka kisimani, akiwa ameviweka juu ya khanga mapajani.

"Mutoto wangu, uko na Sida?"

"Hapana, Mama."

"Basi unakunywa dawa ya nini?"

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, kwa kuwa kumweleza kinga ni kumweleza maisha ambayo hatukuwahi kuyataja, na kila sentensi ilinilazimu kupita karibu na mambo ambayo mtoto hamwambii mamaye. Alinisikiliza akiangalia moto. Mwisho akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Ulipokuwa mudogo, kabla ya mvua, nilikuwa nawapa dawa ya malaria kaka zako na wewe, mukiwa wazima. Ni hivyo?"

Nikamwambia ni hivyo, Mama, ni hivyo kabisa.

Hakuongeza neno. Lakini tangu jioni ile aliniwekea viazi viwili kando kwenye sufuria, maana nilikuwa nimemwambia kidonge hakitaki tumbo tupu. Baba alikuwa amefariki. Kaka zangu hawakujua. Majirani walipoanza kunong'ona juu ya mavazi yangu, yeye ndiye aliyesimama mlangoni. Nimesoma maswali ambayo watafiti huwauliza watu kama mimi ili kupima utayari wetu: umri, elimu, idadi ya wapenzi, kama tunaiona hatari. Sijaona swali linalouliza kama kuna mtu nyumbani anayekuwekea kiazi. Kwangu hilo lilibeba uzito kuliko elimu yangu yote.

Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliichukua Kanyabayonga. Watu wa kule walikuja kwetu wakikimbia, kisha sisi tukakimbia pamoja nao. Barabara ya Kirumba kwenda Lubero ilijaa: magodoro, kuku, wazee mgongoni, chukudu, zile baiskeli za mbao, zilizopakiwa mpaka juu. Mama alibeba sufuria na Biblia. Mimi nilibeba mfuko wa shanga, na ndani yake vidonge vilivyobaki, vichache. Vikaisha njiani.

Usiku mmoja kabla ya kufika Lubero wanaume wenye silaha walinitenga na wenzangu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nilifika kwenye kituo cha afya asubuhi iliyofuata nikiwa nimeshikwa mkono na Mama.

Kivu yetu, kwa uchungu wake, inajua jambo hili. Karibu kila mwanamke amesikia kwamba aliyebakwa awahi kabla saa 72 hazijapita, apewe dawa za siku 28 za kuzuia virusi visiote, pamoja na dawa za magonjwa mengine. Nami nilijua. Lakini aliyekuwa mlangoni alitazama karatasi yangu, akanitazama mimi, akasema dawa hizo zimeletwa kwa ajili ya wanawake. Mama hajawahi kupandisha sauti mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Siku ile aliipandisha. Akasema kwa Kinande, na watu wote kwenye foleni wakageuka: "Huyu ni mtoto wangu, na waliomfanyia hawakumuuliza karatasi." Muuguzi mmoja mzee akatoka ndani, akanishika bega, akaniingiza. Nilipata dozi ya kwanza saa ile ile.

Ningependa kusema nilizinywa siku zote 28 kwa ujasiri. Nilizinywa kwa sababu mwili wangu ulikwisha kujua ratiba. Kila usiku, tukiwa tumelala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine, mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko. Wanawake wawili waliokuwa wamepatwa na jambo lile lile waliacha katikati kwa ajili ya kutapika. Nilipogundua, nikawa ninawaamsha: tunakunywa sote watatu, kwa maji ya chupa moja, na anayetapika tunamshika kichwa. Hawakuwa trans. Hawakuniuliza mimi ni nani. Wote wawili walimaliza.

Tulipofika Butembo nilipimwa, na baadaye tena. Sikuwa na virusi. Muuguzi aliyenipima, ambaye leo ni kama shangazi kwangu, aliniambia mtu anayemaliza dawa za siku 28 na bado yumo hatarini haachwi hivi hivi. Anaunganishwa na PrEP moja kwa moja. Alikuwa akiagiza kidogo kidogo kupitia kwa mwenzake wa Goma, vidonge vikija kwa ndege hadi Beni. Ananipokea mlango wa nyuma, siku isiyo ya benchi. Niliwapelekea wenzangu habari, wakaanza kuja, kwanza wakijidai wamenisindikiza.

Halafu mambo mawili yalianguka ndani ya wiki moja. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisimamisha misaada ya Marekani kwa nchi za nje, na tarehe 27 M23 wakaingia Goma. Uwanja wa ndege ukafungwa. Februari serikali ya Marekani iliporuhusu sehemu ya huduma za UKIMWI kuendelea, PrEP iliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Sisi, ambao UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, wenyewe walikuwa wamekadiria kwamba hatari yetu ya kuambukizwa ni mara 14 kuliko ya wanawake wengine wazima, hatukuwemo kabisa. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Wanawake wale nao ni haki yao. Lakini nani alikaa mezani akaamua kwamba mimi nisilindwe?

Tuliishi kwa kugawana. Mfanyabiashara mmoja wa Butembo, mama wa watoto sita, ambaye nimemsuka tangu nilipokuwa mwanafunzi wa saluni, huenda Kampala kila baada ya wiki chache kununua bidhaa. Nilimweleza ninachohitaji na kwa nini. Alifikiri kidogo, akasema kilo moja zaidi haitauvunja mzigo wake. Vidonge vilipopungua, muuguzi alitukataza kunywa nusu nusu, maana nusu haimkingi mtu na humdanganya kwamba amekingwa. Aliyeishiwa aliacha, akatumia kondomu na mafuta yake tuliyoyapata kwa taabu, akarudi kupimwa kabla ya kuanza tena, na baada ya kuanza alisubiri siku saba kabla ya kuitegemea dawa. Hivyo ndivyo tulivyouvuka mwaka ule. Si wote. Mmoja wetu alipimwa akakutwa na virusi. Tulimsindikiza kuanza matibabu siku ile ile, tukakaa naye kwenye benchi wote kwa pamoja, na vilemba vyetu. Hakuna aliyecheka, au kama alicheka sikusikia.

Sasa wasichana wananiuliza juu ya sindano. Inaitwa lenacapavir, huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2024, ambao wanawake trans walishiriki, watu 2,179 waliipata na wawili tu waliambukizwa. Julai 2025 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza, na Novemba shehena za kwanza Afrika zilifika Zambia na Eswatini. Kwangu mimi sindano hiyo ina maana ambayo mtu wa mji wenye amani pengine haioni. Haina kopo. Haihitaji viazi wala mfuko wa shanga. Ukikimbia usiku unakimbia nayo mwilini.

Kwa hiyo watafiti wakija na kalamu yao kuuliza kama niko tayari, jibu langu ni ndiyo, na wenzangu wamenituma niwasemee kwamba nao wako tayari. Lakini tunataka itolewe Butembo, na Luofu siku Luofu itakapofikika, pasiwe na lazima ya kwenda Kinshasa. Aichome muuguzi yule yule wa mlango wa nyuma, au yeyote atakayemfundisha yeye. Tuelezwe yote, hata yasiyopendeza, na hasa kuhusu homoni. Na ikifika Uganda kabla ya kufika kwetu, watuambie tu tarehe, sisi barabara ya Kasindi tunaijua.